Saini Niliyomwekea Shemeji

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika kalamu. Leo sitawaficha: niliandika.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni inayopaka rangi majengo marefu. Kofia ngumu, glavu, viatu, mikanda ya usalama ya kujifungia juu ya jukwaa, vyote hutoka kwenye dirisha langu, na kila anayechukua hutia saini kwenye daftari langu. Mume wa mdogo wangu, ambaye kazini kila mtu anamwita Brashi, siku ile alipanda ghorofa ya tatu bila mkanda kwa sababu alikuta stoo imefungwa. Ubao wa jukwaa uliteleza. Akaanguka nao.

Kabla gari la wagonjwa halijatoka getini, Msimamizi alinivuta pembeni akasema maneno mawili tu.

"Jaza daftari."

Nikajaza. Jina la shemeji, mkanda namba saba, saa mbili asubuhi. Na penye saini nikaiga ule mkwaruzo wake, kama kuku aliyekanyaga wino akapita juu ya karatasi.

Watu wa nyumbani bado wananisifu kwa jinsi nilivyolia siku ile. Ni kweli nililia.

Sasa tuendelee.

Siku ya tisa daktari alituita, mimi na mdogo wangu, kwenye kichumba chenye kiti kimoja. Mdogo wangu akakaa, mimi nikasimama nyuma yake na mikono mabegani mwake, kama dada mwema.

Daktari aliinua picha akaielekeza dirishani.

"Ameumia sehemu tatu. Nyonga imevunjika, lakini hiyo itaunga. Hapa chini ya mgongo, pingili mbili zimepondeka, zikabana mishipa ya fahamu. Hapo ndipo penye kazi."

"Kazi gani, daktari?"

"Miguu. Na haja ndogo. Ndiyo maana amewekewa mpira."

"Atatembea?"

"Mama, siwezi kukuambia atatembea, na siwezi kukuambia hatatembea. Uvimbe ukipungua tutajua zaidi. Inaweza kuwa miezi, inaweza kupita mwaka."

Mabega ya mdogo wangu yalishuka chini ya viganja vyangu.

"Na ya tatu?" niliuliza, maana nilikuwa nahesabu.

"Kichwa. Ubongo ulitikisika, ukavuja damu kidogo. Kuvuja kumekoma, lakini siku ile ya ajali imemfutika. Hakumbuki hata alivyoamka asubuhi. Pengine hatakumbuka kamwe." Akateremsha picha. "Atakuwa anauliza uliza. Msimlazimishe kukumbuka, na msimjaze maneno."

Nakiri mbele yenu. Nilishusha pumzi. Mtu mzima, nimemshika mdogo wangu mabega, mumewe huenda asitembee tena, na mimi moyoni nasema afadhali.

Tulimkuta macho. Alipotuona alijaribu kutabasamu, upande mmoja wa uso ukatii, mwingine ukagoma.

"Shemeji! Hebu nione nilivyofungwa. Si nimekuwa kama ukuta unaosubiri koti la pili la rangi?"

"Nyamaza, upumzike," mkewe akamwambia, huku anacheka na machozi yanamtoka.

"Nitapumzika tu, nina kazi gani nyingine? Lakini kwanza nimuulize huyu." Akanigeuzia macho. "Shemeji, wauguzi hawajui, mke wangu hajui. Wewe ndiye mwenye daftari. Nilichukua mkanda siku ile?"

Daktari alikuwa ametuambia tusimjaze maneno. Mimi nilimjaza moja.

"Ulichukua."

"Sasa nilifunga mkanda nikaangukaje?"

"Labda hukuufunga, shemeji. Labda uliuacha chini."

Alitazama dari. Kidole chake kimoja kilikuwa kinapapasa shuka, kinakwenda na kurudi, kama anasawazisha rangi.

"Basi mimi ni mjinga," akasema.

Nikamwekea mto sawa.

Kumbe kilichokuwa kinanisubiri kilikuwa kwenye korido. Mdogo wangu alinishika mkono akanivuta hadi karibu na sinki la kunawia.

"Umesikia? Aliuacha chini! Miaka kumi na moja namwambia, baba, funga mkanda, baba, una watoto. Ananijibu mkanda unabana. Sasa ona! Amejitakia!"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wewe ungesema vipi angekuwa mumeo?"

Akanawa uso, akarudi wodini, na tangu siku ile alimhudumia mumewe akiwa amefunga mdomo. Alimlisha, alimwosha, alimbadilishia mfuko wa mkojo, bila neno. Shemeji naye kila kijiko kikimfikia anasema, "Nisamehe, mke wangu." Kijiko kinaingia. "Nisamehe." Kingine.

Mimi nilikuwa naleta supu.

Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyevunjika bega na mbavu, mtu mwenye maneno mengi. Yeye ndiye aliyetuletea wakili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuja kumwona dereva, na dereva akamwita huku kwetu.

"Mheshimiwa, na huyu umsikilize. Ameanguka ghorofa ya tatu, anaomba msamaha kutwa nzima. Mwenzangu akigongwa na gari ataliomba msamaha gari."

Wakili alivuta kiti. Alimsikiliza shemeji kuliko daktari alivyowahi kumsikiliza. Halafu akasema polepole, akijua anaongea na mtu ambaye kichwa kinachoka haraka.

"Kudai fidia si kugombana na mtu. Lazima nionyeshe kwamba umeumia. Picha zinasema. Nionyeshe kwamba uliumia kazini. Hakuna anayebisha. Kisha nionyeshe kwamba kulikuwa na mtu aliyepaswa kukulinda, na hakukulinda. Hapo ndipo kesi nyingi zinapolala."

"Hiyo yangu imeshalala," shemeji akasema. "Nilipewa mkanda, sikuufunga."

"Unakumbuka?"

"Sikumbuki. Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na shemeji."

Wakili akanigeukia. Alikuwa na macho ya kawaida tu, lakini nilihisi kama mtu aliyewasha taa chumbani nikiwa nabadilisha nguo.

"Wewe ndiye mtunza stoo?"

"Ndiyo."

"Ulimpa huo mkanda kwa mkono wako?"

"Daftari linaonyesha alichukua."

"Sijauliza daftari."

Mungu alinihurumia, au alinichelewesha tu: muuguzi aliingia na toroli la dawa, kila mtu akasogea, na swali likabaki linaning'inia. Wakili alifunga mkoba wake. Alimwambia mdogo wangu, "Asisaini karatasi yoyote kabla sijaiona. Yoyote ile. Hata wakimletea karatasi ya kupokea maua."

Nilijitolea kumsindikiza, ili aondoke upesi. Mlangoni akasimama.

"Dada, wewe ni ndugu, na wewe ni mfanyakazi wa kule. Najua si rahisi. Lakini madai yana muda wake. Kila wiki inayopita jukwaa linafunguliwa, mbao zinapelekwa kwingine, watu wanahama kazi. Kama kuna mtu alimwambia apande hivyo hivyo, nahitaji aliyeisikia amri hiyo kwa masikio yake."

"Sijui kama yupo."

"Mtafute," akasema, akanipa kadi yake. "Wewe unawajua."

Niliiweka kadi kwenye mkoba, chini kabisa, penye vipande vya karatasi na vifungo vilivyodondoka.

Wiki ya tano Msimamizi akaniita ofisini kwake. Ofisi iko juu ya karakana, unapanda ngazi za chuma zinazolia kila hatua, hata paka akipanda utamsikia. Nilimkuta amejaa kwenye kiti. Nataka niwe mkweli: hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala.

"Mama Stoo, karibu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameruhusiwa. Yuko nyumbani."

"Ah, vizuri sana. Vizuri sana." Akasukuma karatasi mezani. "Kampuni imeamua kumsaidia. Kiti cha magurudumu kipya, si cha kuazima. Na gharama zote za hospitali. Ubinadamu tu."

Niliisoma. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba fundi alipewa vifaa vyote vya usalama, kwamba aliumia kwa kutovitumia, na kwamba akishatia saini hatadai kitu kingine chochote, yeye wala familia yake, sasa wala baadaye.

"Huu ni msaada au ni kufuli?" nikauliza.

"Mpelekee wewe. Mimi wataniona adui. Wewe ni damu yao."

"Nikikataa?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ukikataa, basi tutaanza kuulizana maswali. Nani alifanya nini siku ile. Nani alikuwa wapi. Mimi nina majibu yangu, Mama Stoo. Wewe una yako?"

Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaitia mkobani.

Nyumba ya mdogo wangu ni ya vyumba viwili. Kiti cha magurudumu kilichoazimwa kilikuwa kipana kuliko mlango, kwa hiyo fundi wa jirani alikuwa ameng'oa fremu, na mlango wenyewe umeegemezwa ukutani nje. Badala yake pamewekwa shuka. Niliingia kwa kulifunua, kama mtu anayeingia kwa mganga.

Mdogo wangu alikuwa amemgeuza mumewe muda huo huo. Kila baada ya saa mbili simu inalia, anaacha lolote analofanya, anamgeuza ubavu wa pili asipate vidonda. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Nimeleta barua ya kampuni," nikasema.

Shemeji aliipokea. Aliisoma kwa kuweka kidole chini ya kila neno, na kila akifika mwisho wa mstari anapotea, anarudi mwanzo. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, maana hakupenda.

"Kiti cha magurudumu," akasema hatimaye. "Chetu wenyewe. Mke wangu, kitapita hata mlangoni!"

"Wakili alisema usisaini."

"Wakili anamtetea mtu asiye na kosa. Mimi nina kosa. Nikienda mahakamani wataniuliza mkanda ulikuwa wapi, niwajibu nini? Acha nichukue wanachonipa kwa heshima."

Mdogo wangu alinitazama. Tangu tukiwa watoto, akishindwa na jambo hunitazama hivyo, kidevu kimeinama kidogo.

"Dada, wewe ndiye unayewajua hawa watu. Tusaini?"

Nikajitia kutafuta kitu mkobani.

"Basi nipe kalamu," shemeji akasema.

Kalamu ilipatikana juu ya kabati. Mkewe akamshikia ubao wa kukatia mboga chini ya karatasi. Akaweka ncha pale penye vitone. Akainua, akaweka tena. Akainua.

Halafu akacheka, kicheko kidogo cha aibu.

"Shemeji, hebu ona mambo. Nimesahau saini yangu."

"Andika jina tu," mkewe akamwambia.

"Hapana, watasema si mimi. Ilikuwa inaanza na mviringo, au? Mkono hautaki kabisa." Akaninyooshea kalamu. "Wewe unaijua, iko kwenye daftari lako kila siku. Nichoree hapa pembeni, niiige."

Nikaishika kalamu.

Nawaambia, mkono wangu uliikumbuka. Ulijua mviringo unaanzia wapi, ule mkia unapanda wapi, kile kitone cha mwisho kinakaa upande gani. Ningeichora nimefumba macho. Yeye mwenyewe, aliyeitia saini ile miaka yote, hana tena. Mimi ninayo.

"Siwezi," nikasema.

"Kwa nini? Huikumbuki?"

"Naikumbuka mno. Shemeji, mara ya mwisho ilipoandikwa, niliiandika mimi."

Nikahisi kama nimesema kwa lugha wasiyoijua, kwa hiyo nikasema tena, haraka haraka, kabla ujasiri haujaniishia.

"Hukuchukua mkanda. Ulikuja dirishani ukakuta pamefungwa. Nilijaza daftari wewe ukiwa tayari uko chini. Msimamizi aliniambia nijaze, lakini mkono ulikuwa wangu. Na pale hospitali, uliponiuliza, nilikudanganya. Hukuuacha chini. Hukuwa nao kabisa."

Shemeji alinitazama kwa makini, kama anasoma ule mstari unaompotea.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga?"

"Hukuwa mjinga."

"Nisingepanda bila mkanda kwa kupenda kwangu?"

"Miaka yote unalalamika unabana, lakini hujawahi kupanda bila mkanda. Hata mara moja."

Akajifunika uso kwa mkono. Kifua kikaanza kutikisika, na kwa kuwa mgongo wake haumruhusu kujikunja, alilia amenyooka, kama ubao. "Mwezi mzima na zaidi," alikuwa anasema ndani ya kiganja. "Nimelala hapa, namwomba mke wangu msamaha. Mwezi mzima, shemeji."

Mdogo wangu bado alikuwa ameshika ubao wa kukatia mboga. Aliuweka chini taratibu. Akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea mumewe paji la uso begani. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu mkono wa shemeji ukitafuta kichwa chake, ukikosea, ukikipata.

Alipoinuka hakuwa analia.

"Kwa nini stoo ilikuwa imefungwa?" akaniuliza.

Hapo ningemalizia. Nilikuwa nimeshaanza, milango yote ilikuwa wazi, ilibaki sentensi moja.

"Mambo ya ofisi," nikasema. "Msimamizi ndiye anayepanga saa."

Akauchukua mkoba wake.

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kwake. Nataka uyaseme haya mbele yake, nione atajibu nini."

Jirani aliitwa akae na mgonjwa, akaelezwa saa ya kumgeuza, na mimi nikairudisha ile karatasi mkobani. Tulitembea mimi na mdogo wangu mpaka kampuni, yeye hatua mbili mbele. Njia nzima hakugeuka. Viatu vyake vilikuwa vile vya kazini kwake, vizito, na alivipiga chini kama anayehesabu.

Msimamizi alisimama alipotuona. Kumwona mdogo wangu kulimfanya afunge kifungo cha koti.

"Karibuni, karibuni. Poleni sana na mgonjwa."

"Dada," mdogo wangu akasema, "sema."

Nikasema. Daftari, mkanda namba saba, maneno mawili aliyoniambia getini, saini, uongo wa hospitali. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, hata alitikisa kichwa hapa na pale kama anayekubali. Nilipomaliza aliifunika kalamu yake kwa kifuniko, tik.

"Mama," akamwambia mdogo wangu kwa upole, "amekuambia yote?"

"Ameniambia yote."

"Amekuambia stoo ilifungwa na nani?"

Mdogo wangu akanigeukia.

Na hata ninyi mnaonisoma, sijawaambia. Wiki zote hizi nimekuwa naandika "stoo imefungwa", "alikuta pamefungwa", kana kwamba stoo inajifunga yenyewe. Nilidhani nikiungama mengine yote, hili litapita katikati bila kuonekana.

Niliifunga mimi. Saa za kazi, mafundi wakiwa bado wanachukua vifaa, nilipiga kufuli, nikatia funguo kwenye mkoba, nikavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani.

"Nilikuwa napimwa gauni," nikamwambia mdogo wangu.

"Gauni?"

"Gauni."

"Kwa muda gani?"

"Nilikusudia dakika kumi. Nilikaa karibu saa nzima. Kola haikuwa inakaa vizuri." Nilijisikia nikiyasema hayo na nisingeweza kuyazuia. "Nilisikia makelele nikiwa na pini kwenye pindo. Nikakimbia nazo."

Nilitamani anipige. Ningejua la kufanya na kofi. Yeye alisimama tu, akinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama anatafuta mahali alipoanza kunifahamu.

"Ungesema ulikuwa mgonjwa," akasema, "au ulisinzia. Ningekulaumu, lakini ningeelewa. Na hata baada ya yote haya, leo hii nyumbani kwangu, nimekuuliza kwa mdomo wangu. Ukanijibu mambo ya ofisi."

"Nisamehe."

"Hilo neno nimelisikia sana mwezi huu, tena kwa mtu asiye na kosa. Sina pa kuliweka." Akaweka mkoba wake begani. "Utamwambia wakili? Yote? Na hili la gauni?"

"Nitamwambia."

"Ukishamwambia, ndipo nitafikiria kama mimi na wewe bado tuna la kuongea."

Akatoka. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi za chuma.

Msimamizi alirudi kitini, akajinyoosha kama mtu aliyetua mzigo.

"Si nilikuonya? Sasa umempoteza mdogo wako, na kazi utaipoteza. Lakini hatujachelewa. Funga mlango, tuongee kama watu wazima. Ile karatasi iko wapi?"

Nilienda mpaka mlangoni. Nilishika kitasa.

Na hapo nikagundua kwamba ngazi zimenyamaza. Ziko kumi na nane, nimezipanda miaka tisa, najua sauti ya kila moja. Viatu vya mdogo wangu havikuwa vimefika chini. Vilikuwa vimesimama mahali fulani katikati.

Sikuufunga mlango. Niliusukuma kidogo tu, nikarudi, nikakaa kwenye kiti cha mbele yake.

"Karatasi ninayo mkobani," nikasema, nikapandisha sauti kidogo, kama mtu aliyekasirika. "Lakini kwanza nijibu jambo moja, niache kuumia peke yangu. Siku ile alipokuta dirisha limefungwa, alikuja kwako?"

"Ya nini hayo tena?"

"Alikuja?"

Alipumua kwa nguvu. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani naye alikuwa na wiki nyingi hajamwambia mtu.

"Alikuja, ndiyo. Akasema Mama Stoo hayupo, anasubiri mkanda. Na mwenye jengo anakuja kukagua saa nne, ukuta una mabaka, ningefanya nini? Nikamwambia, wewe panda, anza, mkanda utaletewa hapo hapo juu. Akakataa. Nikamwambia kama hataki, wako wengi getini wanaoitaka brashi yake." Akafungua mikono. "Sasa niambie, wewe ungekuwa mimi, ungesimamisha kazi?"

Nilikuwa nasikiliza.

Kule kwenye ngazi chuma kililia. Mara moja. Halafu mara ya pili, juu zaidi. Msimamizi aliinua kichwa, akautazama ule mlango nilioacha wazi, na mkono wake ukaanza kutambaa mezani kuelekea simu.